Mkono Wangu kwenye Kitasa

Hasira zangu ziko karibu, tangu utotoni. Nianze hapo, maana wanaonijua watacheka nikianzia pengine. Hata mkate wangu naupata kwa kupiga kelele: kwa miaka mingi nimekuwa kochi wa baiskeli za ndani katika jimu moja la Lilongwe, mtu wa kusimama mbele ya watu wanaotiririka jasho na kuwaambia wakaze. Lakini ninalotaka kulisimulia sikulifanya kwa mdomo. Nililifanya kwa mkono huu wa kulia, na nilimfanyia mama aliyenilisha.

Hakuwa mama yangu wa kunizaa. Nilifika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, hapa Malawi, mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili, kijana wa miaka kumi na tisa kutoka Bukavu, Kongo, peke yangu, na suruali moja iliyopasuka makalioni. Jumapili ya kwanza nilikaa kanisani mgongo ukutani, nisiinuke hata watu walipoambiwa wasimame kuomba. Mwanamke mmoja wa korali akaniona. Akangoja watu watoke, akanijia.

"We ni wa Bukavu," akasema. "Minasikia vile unaimba. Juu ya nini hausimame?"

Nikajibana zaidi ukutani. Akazunguka pembeni, akachungulia, akapasuka kicheko. "Ee Mungu wangu! Kuya, twende nyumbani."

Alikuwa mshonaji, mjane, mtu mzima tayari. Cherehani yake ya kukanyaga kwa miguu ilikaa barazani mwa nyumba ya matofali mabichi. Nilijifunga kitenge chake, nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa huku akiishona suruali yangu, na majirani wakipita wakicheka. Kisha akaniletea sahani ya nsima. Nikaitazama tu. "Ni bugali," akasema. "Ilibadilisha jina kwa mupaka. Kula."

Tangu siku hiyo nikamwita mama, naye akaniita mutoto yangu, na chumba cha nyuma kikawa changu. Asubuhi nilikuwa naamshwa na sauti ya miguu yake kwenye pedali ya cherehani, taka-taka-taka, kabla sijasikia jogoo wala mtu. Alishona sare za shule, nguo za harusi, magauni ya korali nzima. Kila kitu nyumbani mle, chumvi, mkaa, sabuni, na chakula changu mimi mla bure, kilitoka kwenye miguu ile miwili.

Baadaye nikapata baiskeli ya kabaza, yaani ya kubeba abiria. Nilipeleka watu kutoka kambini hadi barabara kubwa, na wengine hadi boma la Dowa. Njia ile ina vilima vya kukutoa ulimi. Mwenzangu akishuka kusukuma, mimi nilimpita nimesimama juu ya pedali, abiria nyuma na gunia mbele, nikamwuliza mimba yake ina miezi mingapi. Ndivyo nilivyokuwa na mdomo. Niliamini kwamba uzito ni sifa, na anayeukwepa ni mvivu au mwongo. Imani hiyo nilikwenda nayo hadi mjini.

Mjini nilipelekwa na ndugu mmoja wa kanisa, aliyeniachia nafasi yake ya kufagia jimu. Nikapanga chumba mtaa wa Chinsapo. Katika jimu lile kulikuwa na chumba chenye vioo na baiskeli kumi na mbili zilizofungwa chini, hazisogei hata hatua moja. Kazi yangu ilikuwa kuzifuta jasho baada ya darasa. Niliporudi kambini nikamsimulia mama, alicheka hadi akasimamisha cherehani.

"Bantu banalipa juu ya kupanda kinga yenye haifike?" Sisi wa Bukavu baiskeli tunaiita kinga.

"Wanalipa, mama. Na wanarudi kesho yake."

"Basi bakuye hapa. Mi nitabapatia cherehani yangu, bakanyage, na kwa jioni tutakuwa na magauni."

Aliyekuwa anafundisha pale alikuwa dada Mmalawi, mtu mpole, aliyejifunzia kazi hiyo Afrika Kusini. Aliniona nikiigiza darasa lake peke yangu wakati wa kufagia, fimbo ya ufagio ikiwa maikrofoni yangu. Badala ya kunifukuza, akanifundisha. Baiskeli ya ndani haina gia. Mbele ina gurudumu zito la chuma, na juu ya gurudumu kuna kipande cha ngozi kinacholibana. Kinachoamua kibane au kilegee ni kitasa chekundu, kidogo cha kuenea kiganjani, kilichowekwa mbele ya magoti ya mpandaji. Ukikizungusha kulia, pedali zinakuwa nzito kama unapanda kilima. Ukikizungusha kushoto, unateremka. Basi, hakuna kingine. Ufundi wote wa kochi uko kwenye kitasa hicho, na kitasa si chake.

"Hujui mtu amelala vipi," dada aliniambia. "Hujui amekula nini, amegombana na nani. Kilima unakitaja wewe, lakini anayekipima ni yeye."

Alinikataza kusema zungusha mara tatu, kwa sababu mara tatu za mtu huyu si mara tatu za mtu yule. Sema pumzi, alisema. Mwenye uzito mwepesi anaweza kukusimulia alichokula jana. Mwenye uzito wa kati anakujibu neno moja. Mwenye uzito mkubwa anakujibu kwa macho tu, na huyo usimwache hapo zaidi ya dakika moja. Makalio yakirukaruka kitini, mwambie aongeze. Mabega yakipanda masikioni, mwambie apunguze, na umwambie kwa sauti ileile nzuri uliyomwambia aongeze, asije akaona aibu. Kisha akanishika mkono, kabisa, akautikisa. "Na huu usiguse kitasa cha mtu aliye juu ya baiskeli. Hata akikuomba. Mwelekeze, azungushe mwenyewe."

Niliyashika yote. Hilo la mwisho nililishika mpaka siku nilipolihitaji.

Dada akaolewa Blantyre, nami nikapewa darasa. Kichwa kikavimba, sitaficha. Wahasibu, mabibi wa maofisini, daktari mmoja mwenye kitambi, wote waliniita kochi. Walipenda ukali wangu. Kumbe kuna watu wanalipa ili wafokewe! Nilichokuwa nakichukia zaidi ya vyote ni mtu wa kujifanya. Nikisema kaza, anapeleka mkono kwenye kitasa, anakigusa na vidole, anakunja uso kama amebeba gunia, na kitasa hakijasogea. Nilimwona toka mbali. Miguu haidanganyi, uzito ukiongezeka kweli, mguu unachelewa kidogo, japo nukta tu. Usipochelewa, ni uongo. Damu ilinichemka kila nilipouona uongo huo, kana kwamba mtu ameniibia mfukoni.

Miaka ikapita hivyo. Jimu likanunua baiskeli mpya, na mwenye jimu akanipa nne za zamani ambazo zilikuwa zinakwenda kutupwa. Nikazipakia kwenye matola, gari la wazi, hadi Dzaleka. Wazo langu lilikuwa zuri, hilo nalitetea hadi leo. Kambini kulikuwa na bamama wengi wenye presha na sukari, wameketi siku nzima, wanamezeshwa vidonge na kuambiwa wafanye mazoezi. Mazoezi gani, wapi, mbele ya nani? Kanisa likatupa chumba kando, na mimi nikawa nakuja kila Jumamosi.

Jumamosi ya kwanza hakuja mtu. Nilikaa na baiskeli zangu nne kama mwuza majeneza. Bamama walipita mlangoni, wakachungulia, wakaenda zao wakisema kwamba mwanamke mkristo hapandi kitu miguu wazi mbele ya mwanaume. Jumamosi ya pili vilevile. Nikarudi nyumbani nimewaka, nikamwambia mama nazirudisha takataka hizi mjini.

"Tulia," akasema. "Mi nitapanda wa kwanza. Bakiniona, batakuya."

Mama hakuwa na presha. Hakuwa na sukari. Alikuwa anakanyaga pedali tangu asubuhi hadi jioni, siku sita kwa wiki, na mazoezi ya miguu ndicho kitu cha mwisho alichokihitaji duniani. Alikuja ili nisiaibike. Alijishonea suruali pana, akafunga kitenge juu yake, akapanda, akaimba wimbo wa korali mlango ukiwa wazi. Jumamosi iliyofuata walikuja watatu. Kisha wakawa wengi hadi wanapanga zamu, na mama mmoja aliyekuwa hawezi kutembea hadi bombani bila kupumzika akawa anakwenda na kurudi na ndoo. Walinitania wanavyotaka. "Kochi, leo utatufikisha Bukavu?" Nikawajibu, "Kwa mwendo huu? Hata Dowa hamfiki!" Zilikuwa siku nzuri. Nasema wazi, zilikuwa siku nzuri kuliko zote nilizofundisha.

Habari zikafika mjini. Mgeni mmoja wa shirika, mwanamke mwenye cheo, akasema atakuja kuona. Alikuwa anatafuta kitu cha kusaidia kambini, na mwenye jimu alininong'oneza kwamba akipenda, ataleta baiskeli zaidi na mimi nitakuwa kochi wa kambi, kazi ya kudumu, na karatasi yenye jina langu. Nyie mliozaliwa na vitambulisho hamwezi kujua karatasi yenye jina inavyomfanya mtu. Sikulala vizuri wiki nzima.

Wiki hiyohiyo korali ilikuwa kwenye maombi ya kufunga. Siku tatu kavu, usiku na mchana, bila chakula wala tone la maji hadi jua la siku ya tatu lizame, na siku hiyo ya tatu ilikuwa Jumamosi. Kwetu mtu anayefunga hasemi. Anaoga, anapaka mafuta usoni hadi anang'aa, anavaa vizuri kuliko siku zote, ili asitambulike. Na wewe ukimtambua, unanyamaza, kwa sababu kumtaja ni kumharibia kati yake na Mungu wake. Hivyo ndivyo tulivyolelewa. Nilipofika kwa mama asubuhi ile, mbaula, jiko lake la mkaa, ilikuwa baridi, na chai niliyoizoea haikuwepo. Mama alitoka ndani amejipaka mafuta, uso unameremeta, kitenge kipya. Midomo ilikuwa imepasuka kwa ukavu. Nikajua palepale.

Ningeweza kusema kitu bila kuvunja adabu. Ningesema, mama, leo una nguo nyingi za kumaliza, kaa ushone. Angenielewa na asingeona aibu. Maneno hayo yalifika hadi kwenye ulimi, walahi, niliyasikia ladha yake. Halafu nikawaza: baiskeli nne, mgeni mlangoni, na moja tupu. Bamama wengine wa zamu ya asubuhi ile walikuwa watatu tu. Nikameza mate.

"Uko tayari, mama?"

"Niko tayari, kochi," akasema, akacheka kidogo.

Mgeni alifika na simu yake ya kupigia picha. Akasimama mlangoni, mwenye jimu kando yake. Nikawa mbele ya bamama wanne, nimevaa fulana mpya, na sauti nimeitoa tumboni. Mwanzo ulikwenda vizuri. Tukapasha miguu, tukapanda kilima kidogo, tukateremka. Bamama watatu walikuwa wanang'ara. Mama alikuwa wa mwisho kulia, karibu na ukuta, anakwenda polepole, na haimbi. Nilimwona haimbi.

"Sasa mlima!" nikasema. "Kaza, tusimame!"

Watatu wakakaza, wakainuka vitini, vichwa chini. Mama akapeleka mkono, akakigusa kitasa kwa vidole viwili, akakunja uso, akakiacha. Miguu yake haikuchelewa hata nukta. Hakuinuka.

Jamani. Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilinipanda. Mgeni alikuwa nyuma yangu, hilo lilikuwepo. Lakini kulikuwa na kingine, na hiki ndicho kinanitia aibu zaidi: nilikasirika kwelikweli. Nilimwona mama yangu nikamwona mhasibu wa mjini, mwongo, mtu wa kujifanya. Nilijua kwa nini amekigusa kwa uongo. Nilijua hana maji mwilini tangu juzi. Na bado damu ikanichemka.

Nikamwendea nikitabasamu, mgongo wangu ukimziba mgeni. "Huyu mama anatudanganya!" nikasema kwa utani, na bamama wakacheka bila kuinua vichwa. Nikainama, nikakishika kitasa, nikakizungusha kulia mara mbili. Mizunguko miwili kamili. Kwa kijana wa kabaza ni kazi.

Mama aliniangalia. Hakuangalia kitasa, aliniangalia mimi. Angeweza kukirudisha kushoto, mkono wake ulikuwa pale pale. "Aya, kochi," akasema kwa sauti ndogo, na akainuka akasimama juu ya pedali.

Nilikuwa nimeshageuka kumtazama mgeni, kuona kama amependa. Nikasikia kishindo cha baiskeli kuyumba. Nilipogeuka, mama alikuwa anaanguka upande wa kushoto, macho yako wazi lakini hayaoni, na mguu wa kulia umebaki ndani ya mkanda wa pedali. Mwili ulikwenda, mguu haukwenda. Sauti ya goti lile sitaieleza.

Tulimfungua, tukammwagia maji, na katikati ya kelele akapata fahamu. Jambo la kwanza alilofanya ni kuukaza mdomo ili maji yasiingie, maana jua lilikuwa halijazama. Mtu mmoja akaita gari la kumpeleka hospitali. Tulipokuwa tunampakia, mama yule wa ndoo akauliza kwa ukali, "Nani alimuwekea uzito hivi? Mi nimejaribu iyo kinga sasa hivi, haizunguke!"

Nikafungua mdomo.

"Ni mi," mama akasema kutoka chini. "Ni mi mwenyewe nilikaza. Kochi alisema kila mutu kwa nguvu yake. Munasikia? Ni mi."

Wote wakaniangalia, kwa huruma. Mgeni akanigusa bega, akasema si kosa langu. Nami nikaufunga mdomo. Ndivyo nilivyofanya, siongezi chumvi wala sipunguzi.

Goti lile halikukunjika tena sawasawa. Alikaa na plasta, kisha na mkongojo, na mguu ukabaki umenyooka nusu. Alipojaribu kukaa kwenye cherehani, mguu wa kushoto peke yake ulichoka kabla ya kumaliza mshono mmoja. Watu wakawa wanamsubiri, halafu wakaacha kumsubiri. Nilimletea kichwa cha cherehani cha kuzungusha kwa mkono kutoka soko la Tsoka. Akashukuru sana, akanibariki, na kuanzia hapo akawa anazungusha kwa mkono mmoja na kushika nguo kwa mwingine. Magauni ya harusi hayashonwi hivyo. Alishona mito na vitambaa vya meza. Mgeni hakurudi, na ile karatasi yenye jina langu haikuandikwa.

Hayo ningeyabeba. Mtu anaumia, unamsaidia, maisha yanakwenda. Lakini wazee wa kanisa walikutana. Walisikia kwamba mwanakorali aliyekuwa kwenye kufunga alikwenda kupanda baiskeli mbele ya wageni, akajikazia mwenyewe hadi akaanguka, na sasa kambi nzima inajua korali ilikuwa inafunga. Kufunga kwa wote kumeharibika. Ikasemwa ni majivuno. Jumapili moja mama akaitwa mbele, na mkongojo wake, mbele ya watu aliowashonea nguo walizovaa.

"Mulinifundisha kujishusha," akasema, "na mi nilitaka kuonyesha nguvu. Nilikaza kinga mi mwenyewe. Munisamehe, ndugu zangu."

Wakamsamehe, na wakamtoa kwenye korali kwa miezi mitatu, kama desturi. Mchungaji akauliza, kama anavyouliza siku zote, "Kuna mwenye neno?" Neno nilikuwa nalo mimi. Nilikuwa benchi ya nne. Roho ilinisuta hadi nikahisi joto masikioni, na nikaangalia viatu vyangu, viatu vya jimu, vyeupe, mpaka akasema tuombe.

Miezi mitatu ilipokwisha, mama hakurudi kwenye korali. Nyimbo zetu zinaimbwa kwa kusimama na kuyumba, na wimbo mmoja ni dakika kumi. Goti halikumruhusu. Alikaa benchi za kawaida, akiimba sauti ya pili peke yake katikati ya watu wasioijua.

Zile baiskeli nne nikazirudisha mjini. Nikaendelea na kazi, maana ndiyo ninayoijua. Wanafunzi wangu wakaanza kulalamika kwamba nimekuwa laini. Kila nikisema kaza, nasema pia legeza. Nawauliza wamekunywa maji? Wamelala? Mikono naificha nyuma ya mgongo, na wao wanadhani ni staili.

Ilinichukua miaka sita kumwambia. Najua, miaka sita! Nilimkuta barazani, mguu umenyooshwa kwenye kigoda, anazungusha cherehani kwa mkono. Nikapiga magoti kabla ya kusalimia, nikamwambia yote bila kupumua: nilijua unafunga, niliona mafuta usoni, nilikiona kitasa hakijasogea, nikakizungusha mwenyewe mara mbili.

"Mara mbili," akasema, bila kusimamisha mkono. "Minajua. Si nilikuwa pale?"

"Juu ya nini ulisema ni wewe?"

"Ulikuwa unatafuta kazi. Na bamama bangeogopa kinga." Akakata uzi kwa meno. "Na nilizani utasema we mwenyewe. Ile siku ku kanisa, nilikuwa minakungoja. Mchungaji aliuliza, nikaangalia benchi yako."

Nikalia, mtu mzima, kochi. Nikamwomba msamaha. Aliniacha nilie hadi nikamaliza, kisha akanipa kitambaa kimojawapo cha kuuzwa nifute uso.

"Goti nilikusamehe kitambo," akasema. "Wala sikukasirika sana juu ya goti. Lakini nilitubu zambi ya mutu mwingine mbele ya bantu, na bale bantu bangali banaamini ni yangu. Mi nitakufa bakiamini. Simama na we siku moja, useme. Njo ile tu naomba. Hauna deni ingine kwangu."

Nikamwahidi. Jumapili iliyofuata nilitoka Chinsapo alfajiri, maneno nimeyapanga, nimeyarudia ndani ya basi dogo hadi mtu wa kando akaniuliza kama naumwa. Wachungaji walikuwa wamebadilika, lakini nusu ya watu walikuwa walewale. Wakati wa ushuhuda ulipofika, nikainua mkono. Watu wakafurahi, maana hawajaniona siku nyingi. Nikapewa maikrofoni.

"Bwana asifiwe," nikasema.

"Amina!"

Mama alikuwa benchi ya pembeni, mguu umenyooka kwenye njia, mikono juu ya mapaja. Alikuwa amepaka mafuta usoni. Aliniangalia. Nikafungua mdomo, nikamshukuru Mungu kwa kunilinda njiani kutoka Lilongwe, na kwa kazi, na kwa afya njema. Kanisa likasema amina. Mama akapiga makofi pamoja na wengine, nami nikarudisha maikrofoni, nikakaa.